Tatu Anatakiwa Kliniki ya Moyo

MWANAMKASI: Haloo? Ni nani?

KOMBO: Jumatatu. Tarehe kumi na tatu, mwezi wa kumi. Saa nne kasorobo asubuhi.

MWANAMKASI: Ee! Nimeuliza nani, sijauliza lini.

KOMBO: Hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika. Nataka uishike kichwani kabla hujanikatia.

MWANAMKASI: We nani weye— [mtandao unakwaruza] —hebu sema tena. Shemeji Kombo?

KOMBO: Ndiye.

MWANAMKASI: Aa! Shikamoo shemeji! Mbona namba ngeni?

KOMBO: Marahaba. Ngeni kwa sababu yangu huipokei. Tangu juzi napiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Nimeazima simu ya Ibrahimu, jirani yangu hapa Zinga. Nikajua namba usiyoijua utaipokea tu. Wewe hupendi kupitwa na jambo.

MWANAMKASI: Simu ilikuwa kwenye chaji, shemeji.

KOMBO: Siku mbili? Unachaji simu au unachaji trekta?

MWANAMKASI: Umeme wa huku Mapinga unaujua mwenyewe. Unakuja kama mkwe, unachungulia, unaondoka.

KOMBO: Umeme nao nitaufikia. Waliokalia viti vyao wote nitawafikia, mmoja mmoja. Leo naanza na wewe.

MWANAMKASI: Haya, anza. Lakini upesi, nina wageni. Nina mapishi, sufuria mbili za pilau, na jirani yangu Swaumu anasubiri nilete maji. Mambo ya shukrani.

KOMBO: Shukrani ya nini?

MWANAMKASI: Baadaye. Anza wewe.

KOMBO: Nilikuwa uani Jumatatu hiyo, nachagua mawe kwenye mchele. Kazi aliyoniachia dada yako. Simu ikaita. Mwanamke, sauti laini kama aliyelamba asali. Akasema, "Naitwa Sista Hajra, napiga kutoka hospitali. Naongea na mume wa Tatu?"

MWANAMKASI: [anahema]

KOMBO: Upo?

MWANAMKASI: Nipo. Ngoja nifunge kanga.

KOMBO: Funga. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema, "Mzee, mkeo alikuja Jumamosi kupiga picha ya... ya..."

MWANAMKASI: Ya nini, shemeji?

KOMBO: Ya kifua.

MWANAMKASI: Sema matiti. Una wajukuu sita, unaogopa neno.

KOMBO: Ya huko huko! "Alipiga picha, akaondoka kabla hajachukua karatasi yake. Tafadhali mwambie anatakiwa kliniki ya moyo, Jumatano." Mke wangu, Mwanamkasi! Mke wangu niliyemzika kwa mikono yangu, miaka mitatu na ushei sasa. Dada yako wa tumbo moja. Jumamosi kaenda hospitali!

MWANAMKASI: [anazuia kicheko] Alikwenda kwa bodaboda au—

KOMBO: Usicheke!

MWANAMKASI: Sicheki. Ni mtandao.

KOMBO: Mtandao unacheka hivyo? Ulikuwa wewe!

MWANAMKASI: Nilikuwa mimi.

KOMBO: Najua ulikuwa wewe! Mwingine nani mwenye uso wa kwenda hospitali na jina la maiti?

MWANAMKASI: La maiti tena? Shemeji, tusikosane heshima. Siku ya arobaini, kule kwetu Ubena, nani alivishwa kanga ya Tatu?

KOMBO: Wewe.

MWANAMKASI: Nani alikalishwa mkekani katikati, mjomba akasimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Kuanzia leo Tatu hajafa, Tatu ni huyu"?

KOMBO: Ile ni mila.

MWANAMKASI: Ubwabwa ulikula au hukula?

KOMBO: Nilikula, lakini—

MWANAMKASI: Basi uliukubali. Kule kwetu watoto wadogo wananiita bibi Tatu. Wajomba wananiita Tatu. Ni wewe peke yako, tangu siku ile, hujaniita hata mara moja.

KOMBO: Siwezi.

MWANAMKASI: Najua. Sijakulaumu. Nakueleza tu kwamba sikusema uongo. Jumamosi watu walikuwa tele, mwezi huu wanawake wanapigwa picha bure. Pale mezani wakasema, waliowahi kupigwa miaka ya nyuma wapite mbele, wapya nyuma. Foleni ya wapya, shemeji, ilitoka mlangoni ikapita mkorosho ikakunja kona ya choo. Mhudumu akaniuliza, "Jina?" Ulimi wenyewe ukasema, "Tatu Ramadhani, wa Ubena."

KOMBO: Ulimi wenyewe!

MWANAMKASI: Akabofya, akanikuta. "Karibu mama, upo hapa tangu mwaka ishirini na moja." Nikapita mbele kama mke wa mkuu wa wilaya.

KOMBO: Na namba yangu ipo humo humo.

MWANAMKASI: Wewe ndiye mume.

KOMBO: Na umri? Tatu leo angekuwa na hamsini na tisa. Wewe arobaini na tisa.

MWANAMKASI: Hapo ndipo palipokuwa raha! Mhudumu akanitazama, akaangalia kompyuta, akanitazama tena. Akaita mwenzake. "Njoo umwone mama wa miaka hamsini na tisa." Wakaniuliza napaka nini. Nikawaambia mafuta ya nazi na kukaa mbali na waume.

KOMBO: Astaghfirullah.

MWANAMKASI: Wakaandika! Halafu nikaingizwa kwenye mashine. Shemeji, ile mashine ni kifumbu cha nazi. Wanalichukua, wanaliweka, wanabana mpaka unajiuliza kama tui litatoka. "Vuta pumzi mama, usitikisike." Nitatikisikaje, nimeshikwa na—

KOMBO: Basi! Nimeshaelewa! Ibrahimu yuko hapa anasikia.

MWANAMKASI: Msalimie Ibrahimu.

KOMBO: Anasema salama, na anasema bando lake ni la dakika ishirini, siyo la kusimuliwa mashine. Sasa niambie. Walikuambia nini?

MWANAMKASI: Matiti salama. Hakuna saratani, hakuna uvimbe, hakuna chochote. Alhamdulillahi. Ndiyo hayo mapishi. Nimewaita wanawake wa mtaani, wasome kidogo, wale pilau.

KOMBO: Na moyo?

MWANAMKASI: Moyo upo.

KOMBO: Mwanamkasi.

MWANAMKASI: Upo! Unadunda. Subiri, kanga hii... [anahema] ...inanisumbua leo. Haya. Ulisemaje?

KOMBO: Mtu anakwenda kupigwa picha ya huko, anaambiwa aje kliniki ya moyo. Vinakutana wapi? Mimi sikusoma, nimeishia darasa la nne, lakini hata fundi baiskeli ukimpelekea breki hakwambii habari za kengele. Au ndiyo mbinu zao mpya za kutuzungusha? Dirisha hili, dirisha lile, rudi kesho, mhusika hayupo.

MWANAMKASI: Hapana, huyu daktari alinieleza vizuri. Binti mdogo tu, mpole. Akasema kwenye ile picha, mbali na matiti, mishipa ya damu nayo inaonekana. Na mishipa ya watu wengine inakuwa na madini ya chokaa ukutani. Picha inayatoa meupe, kama uzi. Akasema hiyo siyo saratani, wala haina maana moyo umeshaharibika. Ila mwanamke mwenye chokaa kwenye mishipa ya titi, mara nyingi na mishipa ya moyo inafaa iangaliwe. Apimwe presha, sukari, mafuta ya damu, moyo usikilizwe.

KOMBO: Chokaa.

MWANAMKASI: Chokaa, ndiyo.

KOMBO: Na wewe unayo.

MWANAMKASI: Kidogo! Uzi mmoja, mwembamba kama wa kushonea. Halafu sikiliza raha yenyewe: imepungua.

KOMBO: Imepungua nini?

MWANAMKASI: Chokaa! Yule daktari alishangaa peke yake. Akaweka ya juzi na ya zamani, akatazama huku, akatazama huku. Akasema, "Mama, sijawahi kuona. Yako imepungua. Unatumia nini?" Nikamwambia majani ya mlonge.

KOMBO: Akaandika?

MWANAMKASI: Akaandika.

KOMBO: Ya Rabi. Hii nchi inatibiwa na watu gani?

MWANAMKASI: Akasema bado anataka niende kliniki ya moyo, wahakikishe. Mimi nikaona, ugonjwa unaopungua wenyewe unaufuatia nini? Nikatokea mlango wa nyuma, nikaja zangu kununua mchele.

KOMBO: Mwanamkasi, nisikilize. Mimi kuandika sijui sana, kusoma nasoma kwa kuvizia. Lakini chokaa naijua. Nimechoma chokaa miaka ishirini pale ufukoni kabla hawajaja mabwana na gari lao kulifunga tanuri langu kwa barua ya mistari miwili. Chokaa ikishashika ukutani haipungui. Utaipaka mlonge, utaisomea Yasini, haitoki. Inaongezeka tu.

MWANAMKASI: Lakini picha—

KOMBO: Picha ya zamani ni ya nani?

MWANAMKASI: Ya... kwenye jina langu.

KOMBO: Mwaka ishirini na moja ulikuwa na jina lako. Uliwahi kupigwa picha wewe?

MWANAMKASI: Sijawahi.

KOMBO: Basi yako haijapungua. Yako ndiyo imeanza. Unapika pilau la kushukuru, hujui unashukuru nini!

MWANAMKASI: Usinipigie kelele, shemeji. Sufuria yenyewe imeshaanza kuungua, nasikia harufu mpaka huku. Swaumu! Punguza moto! ...Umesemaje?

KOMBO: Nasema yako ndiyo—

MWANAMKASI: Nimesikia.

KOMBO: Ngoja. Ngoja kwanza. Umesema ya zamani ilikuwa nyingi zaidi.

MWANAMKASI: Mtandao huo unakatika, shemeji.

KOMBO: Haukatiki. Ibrahimu ana vijiti vinne hapa.

MWANAMKASI: Wageni wanaanza kuingia—

KOMBO: Ile ya zamani ni ya Tatu. Kwenye picha ya Tatu uliona nini?

MWANAMKASI: Shemeji, basi tu.

KOMBO: Uliona nini?

MWANAMKASI: Alinigeuzia kioo. Yangu uzi mmoja. Ile nyingine... mbili mbili, sambamba, zimepinda. Kama reli. Nyeupe tele.

KOMBO: Mwezi wa pili. Mwaka ishirini na moja, mwezi wa pili. Nilimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani. Alikaa upande, ameshika kiti, ananiambia punguza mwendo unaniharibia marashi. Tulirudi na karatasi, nikamwomba mwalimu wa madrasa atusomee. "Matiti salama, rudi baada ya miaka miwili." Tukachinja jogoo.

MWANAMKASI: Nilikuja. Nilikula paja.

KOMBO: Miezi kumi na moja. Miezi kumi na moja baadaye akaanguka hapo hapo jikoni, mwiko mkononi. Wakaniambia ni moyo, ni kazi ya Mungu, umekuja ghafla. Ghafla! Nao waliuona unakuja kwa reli!

MWANAMKASI: Nilimuuliza. Yule daktari. Nilimuuliza kama mimi ndiye Tatu, "Mbona mwaka ule sikuambiwa?"

KOMBO: Akasemaje?

MWANAMKASI: Akatazama chini. Akasema zamani anayesoma picha alikuwa anatafuta saratani. Asipoiona anaandika salama, anachukua nyingine. Haya ya mishipa ndiyo kwanza wanaanza kuyaandika. Akasema, "Samahani, mama." Akaniomba radhi mimi, shemeji. Nikaipokea.

KOMBO: Tanuri langu walikuwa na karatasi ya kuniandikia. Mke wangu hawakuwa na wino. Wangepunguza semina moja, kalamu za kutosha zingepatikana. Wana magari, wana viyoyozi, wana mtu wa kuwafungulia mlango—

MWANAMKASI: Shemeji.

KOMBO: Nini?

MWANAMKASI: Ndiyo maana sikupokea simu.

KOMBO: Si ilikuwa kwenye chaji?

MWANAMKASI: Ilikuwa kwenye chaji ya kukuogopa. Niliona jina lako linawaka, nikasema, nikipokea ataniuliza, na mimi mdomo wangu unavuja. Nikaona bora aendelee kuwalaumu kwa asiyoyajua kuliko kwa anayoyajua.

KOMBO: Sasa nayajua.

MWANAMKASI: Pole.

KOMBO: Hii pole ya leo haina tofauti na ya siku ile. [kwa pembeni] Nakuja, Ibrahimu, nakuja! ...Anasema dakika saba. Sasa, hiyo kliniki. Leo ndiyo Jumatano.

MWANAMKASI: Ee, lakini wageni—

KOMBO: Sista Hajra kasema daktari wa moyo anakuja mara moja kwa mwezi, anakaa mpaka saa nane. Sasa hivi ni saa tano.

MWANAMKASI: Nitakwenda mwezi ujao, inshallah. Siwezi kuacha pilau juu ya moto na watu wamevaa. Halafu naumwa nini mimi? Nalima, nachota maji, napika, nagombana na watu mtaa mzima. Mgonjwa wa moyo anaweza kugombana na Swaumu? Hebu subiri, kanga hii...

KOMBO: Hiyo kanga.

MWANAMKASI: [anahema] Imelegea.

KOMBO: Umeifunga tangu tuanze kuzungumza.

MWANAMKASI: Ni mpya. Inateleza.

KOMBO: Uko wapi hivi sasa?

MWANAMKASI: Njiani. Nimetoka bombani, narudi na ndoo. Nimemwambia Swaumu atazame sufuria.

KOMBO: Toka bombani mpaka kwako hatua ngapi?

MWANAMKASI: Sijui, arobaini. Unataka kununua kiwanja?

KOMBO: Weka ndoo chini.

MWANAMKASI: Shemeji—

KOMBO: Weka chini, Mwanamkasi. Mbona umenipa tabu ya kutafuta maneno? Sikia. Njia ya kisimani kwetu, nusu yake kuna jiwe, unalijua.

MWANAMKASI: Nalijua.

KOMBO: Tatu alikuwa hasimami pale. Mwaka ule wa mwisho akaanza kusimama. Anaegemea, anakwambia, "Ngoja nifunge kanga." Mwanzo mara moja moja. Halafu kila siku. Halafu kabla ya jiwe na baada ya jiwe. Na mimi nipo nyuma na dumu langu namtania, "Mke wangu, hiyo kanga ina ncha ngapi?" Anacheka. Na mimi nacheka. Tunakwenda zetu. Sikuwahi kumweleza mtu. Kanga yako imelegea tangu lini?

MWANAMKASI: [mtandao unakwaruza]

KOMBO: Haloo? Mwanamkasi? Haloo! Ibrahimu, mbona kimya? Haloo! Tatu! Tatu!

MWANAMKASI: Nipo.

KOMBO: Usinifanyie hivyo!

MWANAMKASI: Nilikuwa nakaa chini. Umeniita.

KOMBO: Sijakuita.

MWANAMKASI: Umeniita, nimesikia kwa masikio yangu. Ukikataa nitamuuliza Ibrahimu.

KOMBO: Ni— ni mdomo tu. Nijibu. Tangu lini?

MWANAMKASI: Tangu mwezi wa kufunga.

KOMBO: Miezi saba! Na hujamwambia mtu?

MWANAMKASI: Nimwambie nani? Niseme nini, kwamba nafunga kanga? Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni saumu, halafu mfungo ukaisha. Nikadhani ni unene. Ndipo nikaenda kupiga hiyo picha, nikasema labda kuna kitu kifuani wataniambia. Wakaniambia salama. Shemeji, nilitaka sana kuamini lile neno salama. Nimelinunulia kuku wawili.

KOMBO: Nasi tulilichinjia jogoo.

MWANAMKASI: [anacheka, halafu anakohoa] Ukoo wetu unamaliza kuku bure.

KOMBO: Sasa sikia amri. Ndoo iache hapo hapo njiani—

MWANAMKASI: Ndoo yangu nzuri!

KOMBO: Iache! Pilau mwachie Swaumu.

MWANAMKASI: Swaumu atalitia chumvi mara mbili.

KOMBO: Ukienda kliniki ya moyo hutaruhusiwa kulila lenye chumvi, kwa hiyo halikuhusu. Wanawake waambie wasome tu, ila wageuze nia. Walikuja kushukuru, waombe. Chukua boda, mwambie aende taratibu. Mimi nasimama hapa Zinga barabarani. Ukifika unanikuta, tunakwenda wote.

MWANAMKASI: Wewe? Hospitali? Si uliapa hukanyagi tena?

KOMBO: Niliapa kwa hasira. Kiapo cha hasira hakina shahidi.

MWANAMKASI: Utawatukana watu huko, nifukuzwe na moyo wangu mkononi.

KOMBO: Sitatukana. Nitauliza. Nataka wafungue ile picha ya kwanza mbele yangu, niione hiyo reli, halafu niulize, huyu aliyeitazama mwaka ule aliona akanyamaza, au hakuona? Nataka jibu moja tu. Sitaki samahani, samahani umeshapewa wewe.

MWANAMKASI: Basi nitaingia kama Tatu. Nikisema Mwanamkasi, ile picha hawatatufungulia. Na tutaanzia kule nyuma ya choo.

KOMBO: Faili la Tatu limeandikwa nini tena?

MWANAMKASI: Sijui. Sukari, nadhani. Waliniuliza kama bado nameza dawa za sukari, nikasema nameza.

KOMBO: Una sukari wewe?

MWANAMKASI: Sina.

KOMBO: Na wana picha inayowaambia chokaa yako inapungua. Watakupima kwa mwili wa mtu mwingine. Watakupa dawa ya marehemu, Mwanamkasi. Jina wazee walikupa, sawa, sibishi, ubwabwa nilikula. Lakini mishipa hawakukupa. Mishipa ni yako.

MWANAMKASI: Kwa hiyo niseme nani?

KOMBO: Sema Mwanamkasi. Sema ulikosea.

MWANAMKASI: Na Tatu? Watauliza, na Tatu mwenyewe yuko wapi? Mbona kwenye kompyuta yupo?

KOMBO: Yupo kwa sababu sikupeleka taarifa. Nilikwenda ofisi ya mtendaji na kikaratasi changu, akasema rudi kesho. Nikarudi, akasema mhuri uko Bagamoyo. Nikaapa sirudi. Hiyo ni sababu ninayowaambia watu.

MWANAMKASI: Na usiyowaambia?

KOMBO: Niliona... kama kuna ofisi moja duniani bado inamwita, acha waendelee kumwita. Yule Sista Hajra aliponiambia "mwambie mkeo arudi Jumatano," unajua nilimjibu nini?

MWANAMKASI: Ulimwambia alikufa.

KOMBO: Nilimwambia, "Nitamwambia."

MWANAMKASI: Shemeji Kombo.

KOMBO: Nikenda mpaka kaburini. Nikapalilia kwanza, majani yalikuwa yamezidi. Nikakosa pa kuanzia. Nikarudi, nikaanza kukupigia wewe.

MWANAMKASI: [sauti ndogo] Na mimi nikawa nachaji trekta.

KOMBO: [anacheka] Ukawa unachaji trekta.

MWANAMKASI: Sasa nani atawaambia?

KOMBO: Mimi ndiye mume. Nitasimama pale mezani niseme, Tatu Ramadhani wa Ubena alikufa, mfuteni. Na huyu ni mdogo wake, mwandikeni upya, na mwandike kwamba dada yake alikufa kwa moyo. Nasikia hilo nalo wanaliuliza.

MWANAMKASI: Wanaliuliza. Juzi waliniuliza kama nina ndugu aliyekufa kwa moyo. Nikawa sijui nijibu vipi. Nikasema hapana.

KOMBO: Ulijikana mwenyewe.

MWANAMKASI: Nilijikana kabisa. [kwa pembeni] Swaumu! Njoo ubebe ndoo hii! Niko hapa chini! ...Hapana sijaanguka, nimekaa! Na nakwenda hospitali! ...Ee, na pilau ni lako, na chumvi nimeshatia, usiguse! ...Haya shemeji. Nanyanyuka. Polepole.

KOMBO: Polepole. Usibebe kitu.

MWANAMKASI: Nabeba mkoba tu.

KOMBO: Mkoba wako naujua, una mawe. Toa nusu.

MWANAMKASI: Una maneno wewe! Tatu alikuvumiliaje?

KOMBO: Muulize— [sauti ya mlio] Ibrahimu, nini hiyo?

MWANAMKASI: Nini?

KOMBO: Dakika moja. Bando linaisha. Haya, kwaheri, panda boda, nakusubiri, vaa mtandio mzito kuna upepo—

MWANAMKASI: Shemeji, ngoja. Swali moja.

KOMBO: Upesi!

MWANAMKASI: Nililala nalo usiku kucha. Usikasirike.

KOMBO: Sikasiriki, sema, inakata!

MWANAMKASI: Wangetuambia mwaka ule. Tuseme wangeandika kabisa kwenye karatasi, mwalimu wa madrasa akatusomea pale uani: mama huyu mishipa yake ina chokaa, mpelekeni kwa daktari wa moyo. Na yeye mwenyewe yuko pale anacheka, anakaanga jogoo, anatwambia hana kitu, anafunga kanga tu... tungempeleka?